Mkono wa mama lishe: uchambuzi wa kisa cha saratani ya matiti baada ya "umepona"

Mama huyu ana miaka 43, watoto watatu na kibanda cha chakula karibu na kituo cha mabasi katika mji mmoja wa mwambao wa kaskazini mwa Tanzania. Siku alipoletwa kliniki yetu ilikuwa imepita miezi kumi na mmoja tangu amalize mionzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, ngozi nyekundu na ya moto, na joto la mwili lilikuwa 39.2. Tulipomuuliza kuhusu tamoxifen, kidonge alichotakiwa kumeza kila siku kwa miaka mitano, akasema aliiacha miezi minne nyuma. Katika faili lake, ukurasa wa mwisho ulisema matibabu yamekamilika.

Mimi ni muuguzi, na huyu ni mmoja wa wagonjwa ninaowafuatilia. Ameruhusu kisa chake kiandikwe. Vitu ambavyo vingemtambulisha nimevibadilisha.

Kilichonifanya nikichague ni kwamba hakuna mtu mbaya ndani yake. Mume hakukimbia. Ndugu walichanga. Kikoba chake kilimbeba. Madaktari walimpa matibabu sahihi kwa mpangilio sahihi. Pamoja na hayo yote, mwaka mmoja baadaye alikuwa anaugua peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaompenda. Nataka kuonyesha ilitokeaje, kwa sababu ninaiona mara kwa mara.

Uvimbe usiouma

Aliugundua akioga, akiwa bado ananyonyesha mtoto wa mwisho. Ulikuwa mdogo, mgumu, na haukuuma. Hilo la kutouma ndilo lililomtuliza, kama linavyowatuliza wengi. Kwenye duka la dawa aliambiwa maziwa yameganda, akapewa antibiotiki. Zilipokwisha akarudi, akapewa nyingine. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, akawa anamchua kwa mafuta yaliyosomewa dua.

Watu wakisikia habari hii huwa wepesi kumlaumu shangazi. Mimi simlaumu. Ni yeye aliyekitazama kifua kile kila wiki, akaona ngozi inaanza kuvutwa ndani na kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, na ni yeye aliyesema, "Mwanangu, hili si la kuchua. Twende hospitali." Asingekuwa yeye, miezi minane aliyochelewa ingekuwa kumi na minane.

Kituo cha afya kilimpa rufaa wiki hiyo hiyo. Alipigwa picha ya utrasaundi, akachukuliwa kinyama kwa sindano nene, na majibu yakarudi baada ya wiki sita: saratani ya titi la kushoto, hatua ya tatu, imeshafika kwenye matezi ya kwapani. Seli zake zilikuwa na vipokezi vya homoni, maana yake zinakua kwa kulishwa na estrojeni. Hazikuwa za aina ya HER2, yaani zenye wingi wa protini inayozifanya zikue haraka. Kwa ubaya wote wa majibu yale, hili la vipokezi lilikuwa jambo jema, kwa kuwa aina hiyo ina kidonge cha kuizuia, kidonge cha bei nafuu kilichotumika duniani tangu miaka ya 1970.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka mgonjwa apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu afike kwa mtoa huduma. Ukianza kuhesabu kituo cha afya, mama huyu alilifikia lengo hilo. Ukianza kuhesabu kwenye duka la dawa, ambako ndiko watu wetu huanzia, alilipita karibu mara tano. Tanzania takriban wanawake wanane kati ya kumi wenye saratani hii hugundulika ikiwa imeshasambaa au imekuwa kubwa, na naamini sehemu nzuri ya muda huo hupotelea kwenye zile dirisha za dukani ambazo hakuna anayezihesabu.

Mchango

Kikao cha familia kilifanyika barazani kwa mama mkwe. Kaka mkubwa wa mume aliuliza swali ambalo wengine walikuwa wanalimeza: akikatwa titi, huyu bado atakuwa mke? Palikaa kimya. Mume mwenyewe, fundi ujenzi, alikuwa anatazama chini. Aliyejibu ni mama mkwe. "Titi limefanya kazi yake, limenyonyesha wajukuu zangu watatu. Mimi namtaka mwenyewe." Shauri likaishia pale.

Tangu siku hiyo familia ilifanya kazi ya kupigiwa mfano. Kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa, michango ikaingia kwa M-Pesa kutoka Dar es Salaam hadi Muscat, ambako binamu yake mmoja ni mfanyakazi wa nyumbani. Wanakikoba walimpa mkopo usio na riba, jambo ambalo katiba yao haikuwa inaliruhusu, wakaibadilisha. Afisa ustawi wa jamii alisaidia kwenye misamaha.

Matibabu yalianza kwa kemo, dawa za dripu za kuua seli za saratani, ili uvimbe unywee kabla ya upasuaji. Mizunguko minne ya kwanza ilikuwa na ile dawa nyekundu, doxorubicin, ambayo wagonjwa huiogopa tangu wanapoiona kwenye dripu, kisha minne ya paclitaxel, kila mmoja baada ya wiki tatu. Nywele zilitoka kabla ya mzunguko wa pili. Wifi yake mdogo alinyoa za kwake pia, akasema zitaota pamoja. Baada ya hapo likaondolewa titi lote pamoja na matezi ya kwapani, halafu mionzi mara 15 katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa anaishi kwa wifi mwingine Mbagala na kupanda daladala kwenda na kurudi.

Aliporudi nyumbani walisoma maulidi. Mashehe walialikwa, sinia zikapangwa, mama mkwe alilia kwa furaha. Watu walimwambia, "Umepona, alhamdulillahi." Wiki iliyofuata kikundi cha WhatsApp kilifungwa kwa ujumbe wa shukrani mrefu na mzuri, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Mkono

Barua aliyopewa alipomaliza ilikuwa na jina la dawa, kipimo chake, na tarehe ya kurudi kliniki. Haikuwa na neno lolote kuhusu mkono.

Kwapani kuna matezi yanayopitisha na kuchuja maji yanayotoka mkononi kabla hayajarudi kwenye damu. Daktari akiyaondoa, maji yale hubaki na njia chache, na mionzi huzibana njia zilizosalia. Kati ya wanawake waliosafishwa kwapa, karibu mmoja kwa kila watano hupata uvimbe wa mkono. Unaweza kuanza mwezi wa pili au mwaka wa pili. Ukianza, hupungua na kudhibitiwa, lakini mara nyingi hauondoki kabisa. Kwa mtu anayekaa ofisini huo ni mzigo. Kwa mama lishe ni suala la unga na kodi.

Nilimwomba anieleze siku yake ya kazi tangu alfajiri, hatua kwa hatua, na nadhani maelezo hayo yalitufundisha kuliko vipimo. Huamka saa kumi. Hukuna nazi kwenye mbuzi, wakati mwingine nazi kumi na tano. Hubandika wali kwenye sufuria ya lita thelathini juu ya jiko la mkaa lililo chini kabisa, akiwa ameinama, mvuke na moto vikimpiga mikono yote miwili. Huparua samaki. Huosha vyombo kwa maji ya sabuni hadi jioni. Sufuria ikijaa huiinua mwenyewe kutoka jikoni hadi mezani.

Ukitaka kubuni kazi ya kuuumiza mkono uliotolewa matezi, hii ndiyo ungeibuni: joto la karibu, uzito wa ghafla, maji yanayolainisha ngozi na michubuko ya kila siku. Maambukizi yaliyomleta kwetu yalianzia kwenye mwiba wa changu uliomchoma kidole. Kwa mtu mwingine mwiba ule ungekuwa habari ya nusu saa. Mkononi mwake bakteria walikuta maji yaliyotuama, wakapanda hadi juu ya kiwiko ndani ya siku mbili.

Lakini kulikuwa na jambo la nyuma zaidi. Wodini, baada ya upasuaji, mgonjwa mwenzake alimwonya asinyanyue kitu kwa mkono ule maishani, hata kikombe. Akatii. Kwa miezi mitatu aliubeba kwa kanga kama mtu aliyevunjika, na bega likakakamaa hadi akashindwa kufunga sidiria na kuchana nywele zilizokuwa zimeanza kuota. Fedha zilipokwisha, jirani akamwambia kinyume chake: fanya kazi tu, mkono utazoea. Akatii tena. Akatoka kwenye kikombe hadi sufuria ya lita thelathini bila kitu katikati.

Mashauri yote mawili yalitolewa kwa upendo, na yote mawili yalimdhuru. Mwaka 2009 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake wenye uvimbe huu hasa. Waliwekwa kwenye mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole, huku wamevaa soksi ya mkono ya kubana. Uvimbe haukuongezeka, na hali ya mkono ilizidi ghafla mara chache zaidi kuliko kwa wale waliokaa bila mazoezi. Kinachouumiza mkono ni kurukia uzito usiozoeleka. Hili lingeandikwa kwenye ile barua kwa sentensi mbili.

Kabla ya kuuita uvimbe wa maji, ilibidi kuondoa mashaka mawili mabaya zaidi: saratani kurudi kwapani, na damu kuganda kwenye mshipa. Picha ilikuwa safi kwa yote mawili. Tulimtibu maambukizi kwanza kwa antibiotiki za mshipani, kisha za vidonge, kwa kuwa mkono wenye moto haufungwi bendeji. Ulipopoa, tukaupima kwa futi ya fundi cherehani, sehemu zile zile kila mara. Sentimeta kumi chini ya kiwiko, wa kushoto ulizidi wa kulia kwa sentimeta tano. Tofauti ya sentimeta mbili tayari inahesabiwa kuwa tatizo.

Vidonge, na chumbani

Kuhusu tamoxifen alitupa sababu moja, kisha nyingine, kisha ya tatu, na kila moja ilikuwa ya kweli.

Ya kwanza ni joto. Dawa hii humzuia mwanamke na estrojeni yake, na mwili hujibu kwa mawimbi ya joto la ghafla, jasho likimtiririka mtu hata usiku wa manane. Mtu anayeshinda mbele ya jiko la mkaa anapata joto juu ya joto. "Dada, nilikuwa nahisi naiva," aliniambia. Ya pili ni maneno: mteja mmoja alimnong'oneza kwamba vidonge vile vinaleta saratani ya kizazi. Hatari ya saratani ya mji wa mimba ipo kweli, ndogo, na zaidi kwa waliokwisha koma hedhi. Yeye aliisikia kama hukumu, bila mtu wa kumwekea pembeni faida yake. Na faida ni kubwa. Kwa saratani yenye vipokezi vya homoni, miaka mitano ya tamoxifen hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Tena aina hii ina tabia ya kurudi kimyakimya baada ya miaka mingi, hivyo kujisikia mzima leo hakusemi chochote kuhusu kidonge cha kesho.

Sababu ya tatu aliitoa akiwa amegeukia ukutani. Mume wake alitaka mtoto wa nne, na alijua ukimeza dawa hii hutakiwi kubeba mimba. Akaiacha bila kumwambia, akitumaini kushika mimba kungemrudisha mume kitandani.

Mume alikuwa analala kwenye mkeka sebuleni tangu mke aliporudi kutoka Dar es Salaam. Mke alilala na sidiria iliyojazwa vitambaa, taa imezimwa, akiamini ameshachukiza. Nilimwomba mume aje peke yake. Alikaa mbele yangu na kofia mikononi.

"Shemeji," nikamwambia, "nisamehe kwa kuuliza ya chumbani. Kwa nini mkeka?"

"Dada, ile mionzi. Niliambiwa inakaa mwilini, inachoma. Na kile kidonda, niliogopa nikigeuka usingizini nitamuumiza."

"Umemwambia hivyo mwenyewe?"

"Hakuniuliza."

Mionzi ya mashine, kama ile aliyopata, inaisha mashine inapozimwa. Haibaki mwilini, haimpati mume wala mtoto anayebebwa. Kovu lilikuwa limepona miezi mingi. Nilimweleza pia kwamba saratani haiambukizi, kwamba ukavu ukeni ni matokeo ya matibabu na kuna jeli isiyo na homoni, na kwamba uzazi wa mpango wa vidonge, sindano au vijiti haumfai mke wake kwa sababu una homoni, lakini kitanzi cha kopa, yaani cha shaba kisicho na homoni, kinamfaa. Alisikiliza kwa makini sana. Nimewaona wanaume wengi wa namna hii. Wakati wa kemo walikuwa na kazi: kulipa, kusafirisha, kusubiri. Kazi ilipokwisha hakuna aliyewaambia sasa wafanye nini, na wengine wakakaa mbali wakidhani huo ndio uungwana.

Walikuja pamoja wiki mbili baadaye. Suala la mtoto wa nne halikufungwa. Daktari aliwaeleza bila kuficha kwamba baada ya muda kwenye dawa, wapo wanawake wanaosimamisha tamoxifen kwa uangalizi ili wazae na kisha wairudie, lakini kwa umri wake, kemo aliyopita na hatua ya ugonjwa, uwezekano ni mdogo na hatari ni kubwa. Mume alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema watatu wanatosha kama mama yao yupo. Sina hakika kwamba jambo limekwisha moyoni mwake, na sioni kwa nini liwe limekwisha haraka hivyo.

Kwa lile joto tulihamishia kidonge usiku, na daktari akamwongezea dawa ya kutuliza mawimbi. Hapa kuna tahadhari ambayo kila mwenye mgonjwa anayemeza tamoxifen anapaswa kuijua: baadhi ya dawa za sonona, hasa fluoxetine na paroxetine, huuzuia mwili kuibadilisha tamoxifen kuwa na nguvu yake kamili. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari mwingine kwa huzuni au kukosa usingizi, aseme anameza nini.

Mama lishe huyu ana binti wa miaka 17, aliye kidato cha nne, ambaye muda wote huu alikuwa anajipapasa kifua kila usiku akisubiri zamu yake. Tuliligundua kwa bahati, alipouliza kama anaweza kukatwa mapema. Visa vya kurithi ni kama vitano hadi kumi katika kila mia. Kwa kuwa mama yake aliugua akiwa hajafika miaka 50, binti anapaswa kuanza uchunguzi mapema kuliko wengine, akiwa kwenye miaka ya thelathini, na amweleze kila daktari habari hii. Kwa sasa kazi yake ni mtihani. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kikao cha pili

Tuliomba familia ikae tena, barazani pale pale. Safari hii sikutaka fedha zikusanywe kwanza. Nilitaka watu waone kinachobaki kufanywa, kwa sababu mchango wa kwanza ulikuwa umejengwa juu ya jambo lenye mwisho, na ndugu walipoona mwisho wakatoka kwa heshima. Hakuna aliyewaambia kuna miaka mingine minne ya vidonge na mkono wa kutunzwa daima.

Mama lishe mwenyewe alianza kuongea. Kaka mkubwa, yule wa swali la mwanzo, alishauri aache mapishi, afungue genge la vocha na soda akae kivulini. Wengine waliitikia kwa kichwa. Yeye akakataa.

"Shemeji, nakushukuru. Mimi ni mpishi. Nikikaa na soda nitakuwa mgonjwa kweli."

Nilikuwa upande wake na bado niko. Tunapenda kumwokoa mgonjwa kwa kumwondolea kazi, tunasahau kwamba kibanda kile ndicho kilichobaki kuwa chake ambacho saratani haikukigusa. Swali sahihi lilikuwa kazi ibadilikeje ili mkono uimudu. Mume, ambaye ni fundi, alilijibu kabla sijamaliza kulieleza: angejenga meza ya tofali ya kiunoni, majiko yakae juu yake upande wa kulia, moto uwe mbali na mkono wa kushoto na asiiname tena. Aliijenga kwa siku mbili. Upawa ukapata mpini mrefu. Samaki wakawa wananunuliwa wameshaparuliwa, kwa shilingi chache zaidi. Mdogo wa mume, kijana aliyekuwa hana kazi ya kudumu, alichukua nazi, maji na kunyanyua sufuria alfajiri na mchana, akilipwa kwa chakula na posho. Glavu za mpira zikaingia kwenye kuosha vyombo.

Mengine yaligawanywa kwa jina la mtu. Shangazi hununua tamoxifen kila mwezi pale inapokosekana hospitalini na huipeleka mkononi, ili aone imepokelewa. Wifi aliyenyoa nywele humpigia simu usiku saa tatu kumuuliza kama amemeza. Binti alifundishwa kuusinga mkono kwa wepesi, kuelekea begani, na kufunga bendeji za kubana kabla ya kulala. Kusinga huku ni kwepesi mno, ngozi tu inasogezwa, na ilibidi shangazi afundishwe upya kwa sababu mikono yake imezoea kuchua. Mama mwenyewe alianza mazoezi na chupa ya maji ya nusu lita, akaongeza kidogo kidogo kila wiki mbili.

Wanakikoba walipatikana kuwa na jambo ambalo sikulitegemea. Wawili kati yao walisema, mbele ya watu, kwamba nao wana uvimbe. Mmoja ulikuwa wa kawaida, usio na saratani. Wa pili ulikuwa saratani, ndogo, haijafika kwapani. Yeye ametolewa uvimbe peke yake na tezi chache za kupimwa. Titi lipo, na mkono wake hauna shida. Katika wanawake wanaotolewa tezi chache namna hiyo, uvimbe wa mkono humpata takriban mmoja katika ishirini. Tofauti kati ya marafiki hawa wawili wa kikoba kimoja ni ile miezi minane.

Sasa ni mwaka na nusu tangu kikao kile. Tofauti ya mikono imeshuka kutoka sentimeta tano hadi mbili na nusu, na huko ndiko iliko. Siku za joto la Januari huongezeka. Amepata maambukizi mara moja tena, akayawahi siku ya kwanza kwa antibiotiki alizoandikiwa kuweka nyumbani. Tamoxifen anameza, mawimbi ya joto yapo lakini analala. Kwa titi ameshona kifuko cha pamba kilichojazwa punje za mtama, zina uzito wa kutosha kumfanya asiinamie upande mmoja, na amewashonea wengine wawili kliniki. Vipimo vyake ni safi, na kila anaporudi kuvichukua hatuli siku hiyo, yeye wala mimi.

Mkeka uliondoka sebuleni. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Kinachotusumbua bado ni soksi ya mkono. Ni ya kupimiwa, hununuliwa Dar es Salaam, na hulegea baada ya miezi kama sita, ikalazimu nyingine. Haimo kwenye misamaha, kwa kuwa haihesabiwi kuwa dawa ya saratani. Ya kwanza ilitoka kwa binamu wa Muscat. Ya pili na ya tatu kikoba kimezilipia. Ya nne inahitajika kabla ya Ramadhani, msimu ambao kibanda chake hufungwa mchana na mapato hushuka, na hadi naandika hakuna jina la mtu mbele yake kwenye orodha. Afisa ustawi wa jamii ameandika barua kuomba iingizwe kwenye vifaa vya tiba vinavyosamehewa, nami nimeambatanisha vipimo vya mkono vya miezi yote, vikiwa na tarehe zake.